Asiyeamini anatafuta nini kwenye mijadala ya dini? Maswali na majibu

Tangu niandike kwamba mimi si muumini wa dini yoyote, ujumbe umekuwa ukimiminika, mwingine wa heri, mwingine wa laana. Nimechagua wenye swali ndani yake. Yanayofanana nimeyajibu kwa pamoja.

Kama humwamini Mungu, kwa nini kila siku uko mtandaoni unabishana na watu wa dini? Mimi siamini mizimu, na sijawahi kubishana na mtu kuhusu mizimu. (Msomaji, Buhongwa)

Ndugu yangu wa Buhongwa, mizimu haijawahi kukuamulia utaoa nani, utazikwa na nani, wala nani achinje ng'ombe unayemla. Dini imefanya yote hayo, kwa anayeamini na asiyeamini. Mwaka 2013, kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja ulifikia mchungaji kuuawa. Kanda ya Ziwa nzima tulikuwa tunajadili bucha. Mimi nilikuwa nakula nyama kama wewe, na hakuna aliyeniambia kwamba jambo lile halinihusu.

Lakini sababu yangu kubwa iko ziwani, Ziwa Victoria. Mei 21, 1996, meli ya abiria ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imeshakaribia Mwanza. Ilibaki ikielea tumbo juu, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga bati. Waokoaji wakatoboa ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kupitia tundu lile, meli ikazama na watu wake. Wengi wao wamelala makaburi ya Igoma. Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugorora kikapinduka kikiwa kimebakiza kidogo kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa tu walikuwa 228. Siku ya pili baada ya ajali, fundi mmoja alitolewa akiwa hai, alikuwa amejibanza karibu na injini mahali palipobaki na hewa.

Nchi nzima ilisema muujiza. Nilifurahi kama kila mtu. Ila naomba ufikirie: hewa iliyomweka hai yule fundi mwaka 2018 ni hewa ya namna ileile tuliyoitoa kwa mikono yetu mwaka 1996. Hilo ni somo ambalo kila mzamiaji na kila baharia wa ziwa hili anapaswa kufundishwa mpaka alijue usingizini. Tukiliita muujiza na kuishia hapo, hatujamfundisha mtu. Na tukisimama msibani tukasema kazi ya Mungu haina makosa, basi aliyeruhusu watu zaidi ya mara mbili ya uwezo kupanda kivuko kile naye anarudi nyumbani bila swali.

Mama aliyepoteza watoto kwenye maji akisema "Bwana alitoa, Bwana ametwaa", simjibu kitu, namshika mkono. Akiyasema mwenye ofisi, hapo nitabishana naye mchana na usiku. Anayenikuta mtandaoni nikiandika kuhusu Mungu mara nyingi ananikuta naandika kuhusu huyo wa pili.

Zaburi 14:1, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Unasemaje? (Wasomaji wengi mno)

Nimeusoma, naujua kwa moyo tangu mafundisho ya komunyo, na naomba sasa mpumzike kuutuma. Huo si swali. Someni na mstari wa nne wa zaburi hiyohiyo, unaowashutumu wanaowala watu "kama walavyo mkate". Huo hakuna anayenitumia, na ndio unaohusu wengi wanaouza maji na mafuta ya upako hapa mjini Mwanza.

Mkitaka mstari wa kuanzia mazungumzo na mtu kama mimi, Wakristo mnao Waraka wa Kwanza wa Petro 3:15, unaowataka muwe tayari kumjibu kila anayewauliza habari za tumaini lenu, "kwa upole na kwa hofu". Waislamu mnayo Sura An-Nahl, aya ya 125, inayowaamrisha mjadiliane na watu kwa namna iliyo bora. Vitabu vyenu vyote viwili vinamtarajia anayeuliza.

Nani anawalipa? (Nyakato)

Hakuna. Bando nanunua mwenyewe.

Imani yangu inakudhuru nini wewe? Si uniache niamini? (Dada wa Igoma)

Dada yangu, imani yako ya kuamka alfajiri, kuomba na kumsamehe jirani hainidhuru kitu, na sijawahi kukuandikia kukuzuia. Wala siamini kwamba nchi hii ingekuwa bora kama mngefunga makanisa na misikiti kesho.

Ninachogombana nacho ni mazoea ya kupokea dai kubwa bila kumuuliza anayelitoa uthibitisho. Mwaka 2011 watu walitoka kona zote za nchi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Walikwenda maskini na walikwenda vigogo. Tuliambiwa kinatibu kisukari na Ukimwi. Aliyerudi akaendelea na dawa zake alipoteza nauli tu. Aliyerudi akaziacha, tunajua yaliyompata. Siku zile waliothubutu kuuliza ushahidi uko wapi waliambiwa wanampinga Mungu.

Na hapa kwetu Usukumani yako mabaya kuliko hayo. Bibi anapikia kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe maisha yake yote, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi unamharibu macho, yanakuwa mekundu. Halafu macho yaleyale yanakuwa ushahidi kwamba ni mchawi, na usiku wanakuja watu na mapanga. Watu wenye ualbino wamewindwa Mwanza, Shinyanga na Geita kwa sababu mtu fulani aliambiwa kiungo chao kinaleta utajiri, naye hakuuliza kinauletaje. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, na ilifanya vyema. Lakini amri haimtoi mtu imani kichwani. Hiyo inatoka kwa maneno, kwa kubishana, kwa kuulizana.

Utaniambia huo ni ushirikina, si dini yako. Nakubali kwamba mapadre, wachungaji na masheikh wamelaani mauaji hayo, tena kwa sauti. Lakini wewe na mimi tunawafahamu wanaokaa kiti cha mbele Jumapili na Jumatatu wako kwa mganga. Ukishamzoeza mtu kwamba kuuliza ni dhambi mahali pamoja, atashindwa kuuliza na mahali pengine. Ndiyo maana sikai kimya.

Unasema huamini, lakini ukiugua utakimbilia Bugando, hospitali ya kanisa. Si unafiki huo? (Kirumba)

Nitakwenda, na nitashukuru. Hospitali ile ipo pale kilimani tangu 1971 na imewatibu watu wa imani zote na wasio na imani. Inaendeshwa kwa makubaliano kati ya maaskofu Katoliki na serikali, kwa hiyo na kodi yangu imo. Daktari pale akikupa dawa ya malaria anakupa iliyopimwa, na sala anakuachia wewe. Mimi ningependa kila mtumishi anayetangaza uponyaji kwenye spika afuate utaratibu huo: pima kwanza, toa dawa, kisha ombeni mnavyotaka.

Shikamoo. Mwanangu wa kiume yuko mwaka wa pili chuoni Nyegezi. Ameacha jumuiya ya kanisa, na kwenye grupu la WhatsApp la ukoo anamjibu baba yake mkubwa kila anapotuma sala ya asubuhi. Mdogo wangu ametoka kwenye grupu kwa sababu yake. Baba yake anataka kumkatia ada. Nifanyeje? (Mama, Pasiansi)

Marahaba mama, ingawa pengine mimi ndiye niliyepaswa kukuamkia.

Kwanza usimruhusu mzee akate ada. Kijana akitishiwa ada atarudi kanisani kesho asubuhi, atakaa karibu yenu, atapiga ishara ya msalaba, na kuanzia siku hiyo hamtajua tena anachowaza. Mtakuwa mmenunua uongo kwa bei ya ada. Wala msimpeleke kwa watu wa kumtoa pepo. Nimewaona vijana waliopelekwa. Wanarudi kimya, na ukimya ule familia huuita kupona.

Pili, tazama anabishania wapi. Anabishania kwenye grupu la ukoo. Aliyeachana na ninyi kweli hapotezi muda wake hapo. Huyu bado anawatafuta. Amelelewa kwenye sala hiyo ya asubuhi, anaijua neno kwa neno, na sasa haimkai tena, naye hajui amwambie nani. Mezani hawezi, baba atagonga meza. Jumuiya hawezi, wataanza kumwombea kwa jina lake mbele ya majirani. Imebaki simu. Wengi wetu tulianzia hapo, na wengi wanaandika kwa majina ya bandia kwa sababu mwajiri, mchumba au mwenye nyumba akijua, mambo yanaharibika. Ukiniuliza kwa nini wasioamini tumejaa mtandaoni kuliko mtaani, jibu ni hilo: mtaani kusema kuna gharama.

Siku akirudi nyumbani, mkiwa wawili jikoni, muulize: ilianza lini? Usiulize kwa nini, atakupa hoja za mtandaoni. Ukiuliza ilianza lini, atakwambia jambo lililotokea. Mara nyingi kuna kifo cha rafiki, au mchungaji aliyekula michango, au swali alilomuuliza katekista akaambiwa anyamaze. Ukishasikia, usijibu siku hiyo.

Kisha, kama atakubali, mtafutie padre anayesoma. Nyegezi hawakosekani. Mtakatifu Thomas Aquinas, mwanafalsafa mkubwa wa Kanisa lako, katika karne ya 13 alipotaka kuonyesha kwamba Mungu yuko, alianza kwa kuandika hoja mbili za anayesema hayuko: kwamba uovu upo duniani, na kwamba mambo yote yanaweza kuelezwa bila yeye. Aliziandika waziwazi kabla ya kuzijibu. Mwanao anauliza maswali ambayo mtakatifu wenu aliyaandika mwenyewe. Mimi siridhiki na majibu ya Aquinas, lakini namheshimu, na kijana anastahili kukutana naye kuliko kukutana na mkanda wa baba.

Na kijana, kama mama atakuonyesha hapa: sala ya baba yako mkubwa saa kumi na mbili asubuhi ni salamu. Anawaambia kwamba ameamka na amewakumbuka. Mjibu "amina" kama unaweza, au "habari za asubuhi baba", na hoja zako mpelekee anayezitafuta. Kisha umpigie mama yako mdogo umwombe arudi.

Mimi si muumini. Nimefungua akaunti ya kuwakejeli manabii wa dini zote mbili na wafuasi wanaongezeka. Mbona wewe ni mpole sana? (Kijana, Nyamagana)

Kwa sababu nataka mtu abadili mawazo, na sijaona aliyebadilishwa kwa kutukaniwa anachokipenda. Hao wanaoongezeka wengi ni wenzako wa kucheka, na wengine wanahifadhi picha za ulichoandika wasubiri siku. Jua pia kwamba Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inafanya kuwa kosa kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mtu, na tangu 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mimi naona sheria za namna hiyo zinatakiwa kuandikwa upya, na nitaendelea kulisema hilo. Lakini zipo, na polisi hawatakuuliza una wafuasi wangapi.

Hoji mafundisho. Hoji pesa. Hoji kiongozi anayejificha nyuma ya maandiko. Mtu mzima anayesali umwache asali. Na msibani weka simu mfukoni, beba maji, chimba kaburi, toa mchango kama wengine.

Mko wangapi Tanzania? (Sengerema)

Hakuna hesabu. Sensa ya mwisho kuuliza dini hapa nchini ni ya 1967. Kenya waliuliza mwaka 2019, na zaidi ya watu 700,000 wakajibu hawana dini, ingawa si wote hao wanaokana kwamba Mungu yuko.

Kuoa je? (Ukerewe)

Ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Sheria ya Ndoa ya 1971 imeruhusu ndoa ya kiserikali, mnatoa taarifa siku 21 kabla. Wengi wanaoitumia ni waumini wa dini mbili tofauti waliokataliwa kwao.

Nimeitwa kutoa ushahidi mahakamani kesi ya shamba la marehemu mjomba. Siamini. Nikipewa Biblia nifanyeje? Naogopa hakimu ataniona mwongo. (Dada, Kisesa)

Usiishike kwa kuogopa. Katiba, ibara ya 19, inakupa uhuru wa imani, pamoja na wa kuibadilisha, na sheria ya viapo inaruhusu shahidi athibitishe badala ya kuapa. Nenda mapema siku hiyo, mwone karani kabla kesi haijaitwa, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba utathibitisha. Usianze kumweleza sababu zako, wala usimjibu mtu yeyote atakayeguna nyuma yako. Ukisema uongo baada ya kuthibitisha, adhabu ni sawa na ya aliyeapa, kwa hiyo hakimu hana sababu ya kukutilia shaka kuliko wengine. Pitia kwanza tarehe na mipaka ya shamba, kwa sababu mawakili watakuuliza hayo.