Mdogo Wangu, Toka Nje Ukachore

Juzi nilipata ujumbe kutoka kwa binti wa Sengerema: "Kaka shikamoo. Nachora tangu shuleni, sasa nataka kuishi kwa kuchora mandhari ya ziwa. Nianzie wapi?" Najua mko wengi wenye kiu hiyo, kwa hiyo najibia hapa.

Mdogo wangu, anzia nje. Mimi nilianzia chumbani, ikanigharimu.

Mwaka 2019 hoteli moja hapa Mwanza iliniagiza picha ya Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani, wakati wa machweo, upana mita 2, kwa shilingi 900,000. Sikuwahi kuahidiwa hela hiyo kwa picha moja. Nikapewa laki tatu za vifaa. Kutoka kwangu Kirumba hadi kwenye lile jiwe si mbali, ila sikwenda. Kwenye simu nilikuwa na picha mbili: ya asubuhi, jiwe linaonekana vizuri, na ya jioni, anga jekundu. Nikaziunganisha, nikachora wiki tatu huku feni inanipuliza.

Siku ya kukabidhi kila mtu alisifia. Kisha mlinzi wa getini, mzee aliyewahi kuvua, akasogea akauliza taratibu: "Kijana, jua linazama nyuma ya jiwe. Huu mwanga wa mbele unatoka wapi?"

Pakawa kimya. Ukisimama ufukweni jioni, jua linachwea ng'ambo ya ghuba, na upande wa jiwe unaokutazama unakuwa kivulini. Mimi nilikuwa nimeung'arisha kama saa mbili asubuhi. Mwenye hoteli akaniambia nirekebishe. Nilirekebisha, nikarudi nayo, akaikataa. Laki sita zangu sijaziona hadi leo, na nikipita pale bado moyo unauma. Hakunitendea haki. Lakini yule mzee alisema kweli.

Wiki iliyofuata nikaenda kwenye jiwe na stendi yangu ya kuchorea, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilidhani mawe ya Mwanza ni ya kijivu. Kaa nayo nusu saa uone: kuna wekundu hafifu wa tofali lililofifia, michirizi myeupe ya vinyesi vya ndege, na kivuli chake kina ubuluu unaoelekea zambarau, kwa sababu kinapokea anga na maji. Mjusi mwenye kichwa cha waridi na mwili wa bluu akapanda jiwe la jirani, ndipo nikaona jinsi nilivyokuwa nimelichora Bismarck vibaya. Rangi nyeusi nikaiacha nyumbani tangu siku hiyo. Nawe iache.

Fanya kanvasi ndogo, umalize ndani ya saa mbili, maana vivuli vinahama. Mchoraji Claude Monet alipochora marundo ya nafaka kule Ufaransa, mwaka 1890 na 1891, alikuwa akibadilisha kanvasi mwanga ulipobadilika. Weka kanvasi kivulini. Ukiichorea juani utadhani inang'aa, ukifika ndani utaikuta imekuwa nyeusi. Upepo wa ziwa ukianza, ning'iniza mfuko wa mawe chini ya stendi. Rangi ya akriliki inakauka upesi, beba chupa ya kupulizia maji. Na toka nje, narudia, toka nje.

Wateja watakuuliza mbona huchori mtindo wa Tingatinga. Mheshimu Edward Saidi Tingatinga, alifungua njia kubwa pale Dar es Salaam, ila wewe chora ulichokaa nacho. Mwezi uliopita nimeuza picha tisa ndogo, zote nilizimalizia ufukweni, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mwanga unatoka wapi.

Vijana tunalalamika vifaa ni ghali. Kabla Mmarekani John Goffe Rand hajabuni tyubu ya rangi mwaka 1841, wachoraji walihifadhi rangi kwenye vibofu vya nguruwe. Sisi tuna tyubu kwenye begi, na bado tunajifungia ndani na simu! Ziwa lipo mlangoni. Amka.

Ile picha ya mita 2 niliikata vipande nane, nikavipaka rangi ya udongo, nikavichorea upya pale pale ufukweni. Kimebaki kimoja hakijachorewa. Panda kivuko cha Kamanga cha asubuhi, Jumamosi yoyote, uje ukichukue.