Mnaoanza animesheni, huo mkokoteni wenu una pamba ndani?

Meseji ninayoipata kila siku ni "bro nianze na softiwea gani", na jibu langu huwa halipendwi: anza na kaunta buku na penseli. Blender, softiwea ya kutengeneza animesheni, ni ya bure, na filamu ya Flow iliyochukua Oscar 2025 imetengenezwa humo humo, kwa hiyo kisingizio cha softiwea hakuna.

Mimi nilianza kichwa chini miguu juu, nikamaliza bando lote kwenye tutoriali, nikatengeneza jamaa anasukuma mkokoteni wa magunia afu nikampelekea bosi wa studio moja hapa Dar. Akacheki mara moja tu, akaniuliza "humo ndani kuna pamba?" Nikanuna wiki nzima. Baadae nikaenda zangu Kariakoo nikakaa na daftari, nikaona yule jamaa wa kweli wala hasukumi kwa mikono, anaulalia mzigo, kisigino kinanyanyuka, shingo inakaza, na kuna kamuda kadogo hakuna kinachosogea kabisa, mpaka tairi likubali. Likishakubali sasa kazi ni kuuzuia usimtoroke. Kwangu mkokoteni ulikuwa unaondoka sawia na mkono.

Sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24 zinazopita moja moja, wengi tunachora 12 na kila mchoro unakaa fremu mbili. Nikaongeza michoro minne tu ya jamaa anaegemea kabla tairi halijazunguka, yaani theluthi ya sekunde, magunia yakawa mazito bila kugusa rangi wala nini.

Kwenye konsepti, yaani michoro ya kubuni mhusika kabla hajatengenezwa, ndo kuna balaa. Mtu anachora shujaa mmoja anameremeta, anaposti, kamaliza. Hilo ni bango! Anayepokea mchoro wako ni mtu wa 3D, yule anayemjenga mhusika kwenye kompyuta aonekane pande zote, anataka kujua zipu iko upande gani na mgongoni kuna nini, so chora mbele, ubavu na nyuma, na mabega yawe usawa mmoja kote. Kabla ya hapo jaza ukurasa na vivuli vyeusi vidogo vidogo vya wahusika wako, umbo tu, bila macho bila nguo, mdogo wako akivitazama kwa mbali asipojua nani ni nani, rudia, maana kwenye gemu la simu mhusika anakuwa saizi ya kidole na yale maua ya kanga uliyokesha nayo hayaonekani.

Afu ukiambiwa chora duka la mangi, nenda kwa mangi jamani. Nondo za dirishani, chupa ya kupimia mafuta, sabuni ya mche iliyokatwa vipande. Ukitafuta picha mtandaoni unaishia kuchora duka la Marekani lenye bendera yetu juu.

Ule mkokoteni nimeurudia mara sita, wa saba ndo unafungua video yangu ya kuombea kazi.