TV "mpya" iliyokuja na Wi-Fi ya mtu mwingine

TV mpya ikiwashwa mara ya kwanza huuliza maswali: lugha gani, nchi gani, Wi-Fi ipi. Ya kwetu haikuuliza kitu. Ilikuwa Jumamosi jioni, Nkuhungu hapa Dodoma, watoto wamejipanga kwenye mkeka kama wako kibanda umiza, nami nimeshika rimoti nikijiona baba wa maana. Ikawaka moja kwa moja. Binti yangu mkubwa akaingia kwenye mipangilio ili aunganishe intaneti ya simu yangu, akaanza kucheka. "Baba, kuna mtandao umehifadhiwa humu. Unaitwa LIPIA YAKO."

Nikajipa moyo kwamba labda waliijaribu dukani. Tukafungua YouTube. Pale pa kutafutia palikuwa pamebaki maneno ya aliyetutangulia: katuni, mapishi ya visheti, na la mwisho, "tv inajizima yenyewe tatizo nini". Mke wangu alilisoma kwa sauti, taratibu, kisha akaniangalia. Hakusema kitu. Kama dakika 40 baadaye TV ikajizima.

Nilikuwa nimelipa shilingi 680,000 katika duka moja la katikati ya mji. Boksi lilikuwa na sili, sponji zimekaa vizuri, rimoti ndani ya nailoni. Sikuwa na sababu ya kushuku, na hapo ndipo wengi tunapokwama: tunakagua boksi badala ya kukagua kilichomo. Sili ni selotepu tu. Anayeuza TV kumi kwa wiki anayo rola nzima chini ya kaunta.

Baadaye fundi mmoja wa Majengo alinieleza mzunguko wenyewe. Mteja anarudisha kitu kwa sababu kina hitilafu, au ameona inchi hazimtoshi, au mwenzake nyumbani amegoma. Mwenye duka anambadilishia ili asipige kelele. Sasa kile kilichorudi kifanyweje? Aliyemuuzia kwa jumla Kariakoo hakipokei. Akikiuza kama kilichotumika anapoteza faida yote. Basi kinafutwa vumbi, kinarudi kwenye boksi, kinamsubiri mtu kama mimi.

Wenzetu wa Uingereza aliyenunua mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo, na kitu kibovu ana siku 30 za kukirudisha na kudai hela yake yote. Vitu vinavyorudi huko ni vingi mno, ila vina mlango wake: vinauzwa waziwazi kwa bei ya chini kama vilivyorudishwa. Huku kwetu mlango huo haupo rasmi, ndiyo maana vinapita dirishani.

Jumatatu asubuhi nikabeba TV kwenye bajaji. Kijana wa kaunta hata hakusubiri nimalize. Alinyoosha kidole ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Hiyo karatasi inawanyamazisha watu wengi, nami ilinisumbua miaka. Inamfaa muuzaji pale wewe unapobadili mawazo, kwamba rangi haikupendezi au umeona bei nzuri duka la jirani. Hapo ana haki yake. Lakini kama alikuambia ni mpya na si mpya, aliyevunja makubaliano ni yeye. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo fulani kiendane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji. Zingatia muda tu: ukikaa na kitu wiki tatu unakitumia, unaweza kuhesabiwa umekikubali, na haki ya kukikataa ikakuponyoka. Itabaki kudai fidia, ambayo ni safari nyingine. Mimi nilirudi siku ya pili, na bado niliona nimechelewa.

Udhaifu wangu ulikuwa risiti. Niliandikiwa kwa mkono "TV 43", basi. Hakuna namba ya utambulisho wa kifaa (ile serial), hakuna neno mpya, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikuidai kwa sababu dogo alisema mashine haina mtandao, nami nilikuwa nawahi. Kosa langu, maana kisheria mnunuzi naye anao wajibu wa kudai risiti. Nilichokuwa nacho ni picha za simu: ule mtandao wa LIPIA YAKO, na lile swali la kujizima.

Mwenye duka akatoka nyuma. Mtu mzima, mstaarabu. "Kaka, hiyo ilikuwa ya maonyesho tu hapa dukani." Nikamwonyesha picha ya mapishi ya visheti. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, kama dukani huwa wanapika. Wateja wawili wakageuka. Kisha nikamwambia: "Sawa mzee wangu, basi niandikie nyuma ya risiti kwamba hii uliniuzia ikiwa mpya, usaini na upige mhuri." Akashika kalamu. Akaiweka chini. Akamwambia kijana alete nyingine.

Kama mngeniuliza ni kitu gani kilifanya kazi siku ile, ningesema ni hiyo kalamu. Kelele wamezizoea, na kumtishia mtu polisi kunamfanya naye awe mkali. Maandishi ndiyo wanayoyaogopa, kwa sababu maandishi yanakwenda FCC, na yanakwenda Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe.

Ile ya pili niliwasha palepale. Ikaniuliza lugha. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima, nikinywa soda yao.

Tangu hapo sitoi hela kabla kitu hakijawashwa, na kila kifaa kina namna yake ya kujisema. Mashine ya kufulia mpya ya mlango wa mbele huja na boliti za kushikilia tangi wakati wa safari, ziko nyuma. Ukikuta matundu matupu, huenda imeshafua nguo za watu. Laptopu ya Windows, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Itakuonyesha betri ilitengenezwa na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Kwa hapa Dodoma kuna kipimo kingine cha bure: chungulia matundu ya feni. Vumbi letu jekundu kitambaa hakilimalizi.

Kwa iPhone, fungua sehemu ya About utazame namba ya modeli. Ikianza na M iliuzwa mpya, F ilishakarabatiwa, N ilitolewa kama mbadala wa iliyoharibika. Simu yoyote, bonyeza *#06# ulinganishe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi. Kutuma IMEI kwenda 15090 kunakurudishia aina na modeli, kunasaidia kugundua feki, lakini simu halali iliyorudishwa itapita hapo bila shida, kwa hiyo usiridhike na hilo peke yake.

Kama unaagiza Kariakoo na mzigo unakuja kwa basi, uokote stendi ukiwa na mtu wa kukurekodi video tangu selotepu inakatwa. Na ulipe kwa Lipa Namba yenye jina la biashara. Namba binafsi ya "dada wa dukani" haitakusaidia siku ya kubishana.

Tena sina ugomvi na kitu kilichorudishwa. Mwezi uliopita tulitaka friji, na muuzaji mmoja akatuambia bila kuulizwa kwamba ile ya pembeni ilirudi, mlango wa jiko la mteja ulikuwa mwembamba haikupita, na ubavuni iligongwa. Akapunguza 150,000. Mke wangu akasema iandikwe hivyo hivyo kwenye risiti: imerudishwa, imebonyea ubavu wa kushoto, waranti miezi sita. Jamaa akaandika yote, na namba ya kifaa akaiandika chini kabla hatujaidai.

Iko jikoni. Ubavu wa kushoto tumeuelekeza ukutani.