Puto la mtoto aliye tumboni: uliza kwanza asilimia

Dada, pole sana. Unasema uko Antwerp, mimba ya wiki 24, ultrasaundi imeonyesha tundu upande wa kushoto wa kiwambo cha mtoto (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), utumbo umepanda kifuani, na mumeo anauliza kama mkubali "lile puto" la kuwekwa kwenye bomba la pumzi la mtoto akiwa bado tumboni.

Usijibu kabla hujajua namba moja: pafu la mtoto ni asilimia ngapi ya linavyotakiwa kuwa kwa wiki hizo? Likiwa chini ya 25, hali ni kali. Jaribio la puto hilo lililochapishwa mwaka 2021, likiongozwa na daktari Jan Deprest wa Leuven (hapo jirani yako!), liliwapata akina mama 80 wa kundi hilo. Waliowekewa puto, watoto 16 kati ya 40 walitoka hospitali wakiwa hai. Wasiowekewa, 6 kati ya 40. Kwa hali ya wastani faida haikuthibitika.

Puto halizibi tundu; hilo hushonwa baada ya kuzaliwa. Linaziba bomba la pumzi la mtoto, majimaji yanajikusanya na kulitanua pafu. Huwekwa wiki ya 27 hadi 29, hutolewa ya 34.

Mimi kinachonitisha ni chupa kupasuka mapema. Uchungu ukianza na puto bado liko kooni, mtoto hawezi kuvuta pumzi. Kwa hiyo ukikubali, hamieni karibu na hospitali, na muulize nani analitoa usiku wa manane.