Mwanangu, kuhusu siri ya mteja

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza: mteja akikwambia kuwa yeye ndiye aliyeua, na kwa kosa hilohilo amefungwa mtu mwingine, utafanyaje? Uwakili unakutaka unyamaze. Ubinadamu je?

Jambo hilo lilitokea kweli, Chicago. Mwaka 1982 mlinzi aliuawa kwa risasi katika mgahawa wa McDonald's, akashikwa Alton Logan. Andrew Wilson, aliyekuwa na kesi yake nyingine ya mauaji, akakiri kwa mawakili wake, Dale Coventry na Jamie Kunz, kwamba muuaji ni yeye. Wakaandika hati ya kiapo, wakaifungia kwenye kisanduku cha chuma, wakanyamaza. Logan akapewa kifungo cha maisha. Wilson alikuwa amewaruhusu waseme akishakufa. Alikufa 2007, Logan akatoka 2008, baada ya miaka 26.

Siwatukani mawakili wale. Mtuhumiwa maskini, aliyekimbiwa na kila mtu, akikosa hata mmoja wa kumweleza yote, atateteweje? Nami wodini nilibeba siri ambazo baba yako hakuzijua. Mgonjwa akishajua muuguzi ana mdomo, ataficha ugonjwa hadi umuue.

Lakini kuna kitu kinanikera. Walikuwa wameazimia kwamba Logan akihukumiwa kifo, watasema. Kumbe walijua kiapo chao kina mpaka! Wakauweka kwenye kifo. Sasa miaka 26 ya mtu si uhai wake? Wilson aliahidiwa siri. Logan hakuahidiwa kitu, hakuulizwa, na ndiye aliyelipa.

Huko Massachusetts, jimbo mojawapo la Marekani, kanuni za mawakili zinamruhusu wakili kutoa siri ili asiye na hatia asifungwe, na watu bado wanakwenda kwa mawakili.

Likikufika, anza na mteja mwenyewe, umsihi akuruhusu, na usichoke upesi. Akikataa, mwendee wakili mkongwe unayemwamini, mshauriane bila kutaja majina. Njia zote zikifungwa na mtu yuko gerezani bure, sema, mwanangu, huku ukijua wanaweza kukufutia uwakili. Wakikufutia, njoo nyumbani. Wajomba zako waliokuchangia ada nitawaeleza mimi.

Mama yako