Kwa mnaoanza kazi ya kulinda ndege korongo, namba zisubiri kidogo

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya ndege wa majini, najua kuhesabu ndo kunavutia, unapewa darubini na daftari, jioni unarudi na jibu. Ila mnapofika mahali, anzeni na watu wanaotumia kinamasi wanamoishi hao ndege, hata kama bosi anataka ripoti ya idadi haraka.

Angalieni Rwanda. Makorongo taji walikuwa wanafugwa mahotelini na majumbani kama pambo, vifaranga wanakamatwa kinamasini na watu wenye shida ya hela, wanakatwa mabawa wasiruke. Kuanzia 2014 wahifadhi wakafanya kampeni mpaka redioni, ukijitokeza na ndege wako hushtakiwi, na watu wakajitokeza kweli, wakapatikana ndege zaidi ya 200. Wazima wakapelekwa hifadhi ya Akagera kuzoea pori taratibu, walioharibika mabawa wakatengewa makao Kigali, panaitwa Umusambi Village. Kuna watu watawaambia kuwatunza hao wasioruka ni kupoteza hela, mimi nakataa kabisa, mana mtoto wa mjini aliyemwona korongo kwa karibu hapo ndo kesho atakuja kutetea kinamasi ambacho hajawahi hata kukanyaga.

Halafu kuna Rugezi, kule kaskazini. Kinamasi kilichimbwa mifereji kikalimwa, maji yakapungua mpaka ziwa Bulera likashuka, na mwaka 2004 umeme wa kituo cha Ntaruka, kinachotumia maji ya ziwa hilo, ukawa wa shida nchi nzima ikaumia. Serikali ikazuia kulima mle ndani na maji yakarudi, korongo akafaidika, umeme pia, lakini aliyepoteza shamba ni mwananchi wa pale pembeni, na ng'ombe wake bado anataka majani. Hapa ndo kazi yenyewe ilipo jamani! Korongo anajenga kiota chini kwenye nyasi ndefu zenye maji, anataga mayai mawili matatu, na kifaranga akishaanguliwa anakaa miezi kadhaa bila kuruka, anajificha tu majanini, sasa mtu akiingia na mundu kutafuta malisho si lazima awe mbaya, anakata tu na kiota kinabaki wazi. Ukimfukuza leo atakuja usiku. Mkikaa naye mkakubaliana akate wapi na lini, na malisho mengine yapandwe pembeni kwenye makingo, na walinzi wachukuliwe vijiji vya hapo hapo, yeye mwenyewe atakupigia simu akiona kiota.

Sasa namba. Sensa ya 2017 hapo Rwanda ilipata makorongo 487, miaka michache baadaye wakapita 1,000, na mimi nafurahi sana kwa hilo. Ila we unayeanza, ukiona idadi imepanda jiulize kwanza, je mwaka huu tumehesabu sehemu zile zile, au ni watu tu wametulia zaidi kwenye kutazama? Na andika wachanga peke yao, usiwachanganye na wakubwa, mana korongo anaishi miaka 20 na zaidi, kwa hiyo unaweza kuona kundi zuri kila mwaka unasema mambo safi kumbe ni wazee wale wale na hakuna kifaranga hata mmoja anayefika kuruka. Ukikosa wachanga misimu miwili mfululizo, weka darubini chini urudi kwa wakata majani ukaongee nao.