Muulize Fundi: Linux imegoma kuonyesha video

Mwezi huu barua tatu zimeleta kilio kimoja kwa sauti tofauti. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwandishi wake alikuwa mlangoni kabisa kwenda kutoa pesa.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari moja ya Wilaya ya Kongwa. Shule ilipewa kompyuta sita zilizotumika, zote zina Ubuntu, mfumo wa Linux unaoshika nafasi ya Windows. Mwenzangu wa Morogoro kanipa flashi yenye vipindi vya maabara. Nikifungua faili za mp4, naletewa ujumbe kwamba inahitajika kodeki ya H.264. Za wmv hazifunguki kabisa. Za avi ndizo zinanichanganya: sauti inatoka vizuri, picha hakuna, kioo cheusi tii. Fundi wa hapa anasema Linux si ya video, nimpe shilingi 25,000 kwa kila mashine aweke Windows. Shuleni hakuna intaneti, natumia bando la simu yangu. Nisaidie kabla sijalipa.

JIBU: Nzuri, mwalimu. Rudisha kwanza pochi mfukoni. Ishirini na tano mara sita ni laki na nusu, na ugonjwa unaoutaja unatibika kwa bando na uvumilivu wa jioni moja.

Tuanze na hizo avi, maana ndizo zinazoeleza mengine yote. Wewe uko jirani na Kibaigwa, umewaona wanunuzi wa nafaka. Hakuna anayenunua gunia kwa kusoma maandishi ya nje. Anachoma bambo, anamwaga punje kiganjani, anaangalia kama ni mahindi kweli. Mp4, avi na mkv ni majina ya magunia tu. Ndani ya gunia kuna vitu viwili vilivyoshindiliwa kila kimoja kwa namna yake: picha na sauti. Namna hiyo ya kushindilia na kufumua ndiyo kodeki. Kwa dalili ulizonipa, hizo avi zako picha yake ni ya aina ya DivX au Xvid, na sauti ni MP3. Kompyuta imeweza kufumua sauti, picha ikaishinda.

Kwa nini iweze moja ishindwe nyingine? Hapo tunaacha ufundi tunaingia kwenye sheria. Kodeki nyingi zimebuniwa na kampuni zikazisajilia hataza, yaani haki ya mbunifu juu ya ubunifu wake, na anayesambaza programu ya kuzifumua anaweza kudaiwa mrabaha. H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, ina wenye hataza wengi waliounganisha madai yao kwenye kapu moja. Sasa Ubuntu inagawiwa bure, kila mtu anakili na kumpa mwenzake. Nani ahesabu nakala, nani alipe? Waliona heri mfumo utoke bila vitu hivyo, na mtumiaji aviongeze kwa hiari yake. MP3 nayo ilikuwa kwenye kifungo hichohicho mpaka mwaka 2017, utaratibu wake wa leseni ulipofikia mwisho. Ndiyo maana leo sauti ya avi yako inatoka bila kuomba ruhusa kwa mtu, na picha bado inasubiri.

Wakati wa kusakinisha Ubuntu kuna kisanduku kinachouliza kama uongezewe kodeki hizi. Aliyewaandalia mashine aliziweka pengine bila intaneti, akakipita. Basi, hilo ndilo kosa lote. Huyo fundi wa hapo sitaki kumsema sana, kila mtu ana watoto wa kulisha, ila amwambie na mteja wake kwamba hata Windows 10 na 11, ukizipa video ya H.265, kodeki iliyofuata H.264, mara nyingi zinakuelekeza kwenye duka lao ukalipie nyongeza ya dola 0.99.

Dawa yako ni VLC, programu ya kuchezea video. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na tangu mwaka 2001 ni programu huria. Huja na vifumuzi vyake, haitegemei kicheza video cha Ubuntu. Waliopo nyuma yake wako Ufaransa, na msimamo wao ni kwamba sheria za huko hazitambui hataza za programu, ndiyo maana wanaisambaza bila kuuma meno.

Washa intaneti ya simu, unganisha kompyuta moja tu, fungua dirisha la amri na uandike mistari hii mmoja mmoja:

sudo apt-get clean
sudo apt-get update
sudo apt-get install vlc

Nimeandika apt-get makusudi. Mitandaoni utaona watu wanaandika apt peke yake, na inafanya kazi, lakini ikimaliza kusakinisha inafuta vifurushi vya programu ilivyopakua. Niliwahi kuunguza bando la wiki nzima kwa kosa hilo: nimemaliza mashine ya kwanza, nimechomeka flashi kwa madaha nikanakili, folda tupu. Apt-get inavibakiza kwenye /var/cache/apt/archives. Nenda huko, chukua faili zote zinazoishia na .deb, zitie kwenye folda yake ndani ya flashi. Kwenye zile mashine tano nakili folda hiyo, bofya ndani yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua dirisha la amri, andika:

sudo dpkg -i *.deb

Bando haliguswi tena. Sharti ni moja: zote ziwe toleo lilelile la Ubuntu. Andika lsb_release -a kwenye kila mashine ulinganishe namba. Kama kuna mashine iliyopungukiwa na kitu, itakitaja kwa jina. Kakipakue hicho peke yake kwa ile kompyuta ya kwanza.

Utasikia pia ushauri wa kusakinisha kifurushi kiitwacho ubuntu-restricted-extras. Ni kizuri kwa mwenye intaneti nyumbani, kwa sababu kinatibu na vicheza video vingine vya Ubuntu. Kwako sikishauri. Kinabeba fonti za Microsoft ambazo hupakuliwa palepale wakati wa kusakinisha, kwa hiyo ukikipeleka kwa flashi kwenye mashine isiyo na mtandao kinakwama njiani. Na kwa atakayekitumia: katikati ya kazi kitaleta ukurasa wa leseni, ubofye kipanya mpaka kidole kiume, hausikii. Bonyeza Tab mpaka neno OK lipate rangi, kisha Enter. Nimeletewa laptopu pale Makole mara nne kwa ukurasa huo tu, wenyewe wakidhani imeganda.

VLC ikishakaa, bofya kulia juu ya faili ya mp4, ingia kwenye sifa zake, uchague VLC iwe ndiyo inayofungua faili za aina hiyo. Rudia kwa wmv na avi. Video ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Hilo ndilo bambo lako, linaonyesha kilichomo ndani ya gunia.

Mwisho, mtu asikushawishi kubadilisha faili zote za wmv ziwe mp4. Kila ukibadilisha, ubora unapungua, kama kutoa fotokopi ya fotokopi mpaka mishipa ya jani haionekani. VLC inazicheza zilivyo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kwaya, Chang'ombe hapa hapa Dodoma. Tuna sidii za video za kwaya yetu za miaka ya mwanzo ya 2000, deki zimeshakufa zote. Kijana wangu ana Linux Mint. Tukifungua sidii tunaona folda ya MPEGAV na faili kubwa yenye .DAT, tukinakili inakataa, inasema ni kosa la kusoma. Je, sidii zimeharibika? Waimbaji wengine wameshatangulia mbele ya haki, hatuna nakala nyingine.

JIBU: Marahaba katibu. Usizitupe! Nasema kwa haraka hivyo kwa sababu miaka ya nyuma nilimwambia mama mmoja wa mtaa wa Kikuyu kwamba sidii yake imekufa, kwa dalili hizohizo. Alikubali, akaondoka nayo kimya. Nilikuja kujua baadaye kwamba asiyejua nilikuwa mimi.

Hizo ni VCD. Kwenye sidii ya data, kila sekta, yaani kipande kidogo cha sidii, hubeba baiti 2,048, na nafasi nyingine hukaliwa na hesabu za kurekebisha makosa. VCD ilizitoa hesabu hizo kwenye sehemu ya video ili sekta moja ibebe baiti 2,324, dakika ziongezeke. Linux ikijaribu kuisoma .DAT kama faili ya kawaida, inakuta vipimo havilingani, inakataa. Sidii inaweza kuwa nzima kabisa.

Fungua VLC, bonyeza Ctrl na D, chagua VCD, cheza. Picha itakuwa ndogo, nukta 352 kwa 288, ndivyo zilivyorekodiwa; msiivute ijae kioo kizima halafu mseme imefifia. Kodeki yake ni MPEG-1, ya zamani mno, haina anayeidai.

Ili kuzihamishia kwenye kompyuta, kijana asakinishe kifurushi cha vcdimager, aingie kwenye folda anayotaka kuhifadhia, aandike:

vcdxrip --cdrom-device=/dev/sr0

Atapata faili za .mpg zinazofunguka popote. Kabla ya kuingiza sidii, ifuteni vumbi kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Msizungushe. Vumbi letu la kiangazi lina mchanga, ukizungusha unachora mkwaruzo unaofuata njia ileile ya kusomea. Na anzeni na ile iliyo chakavu zaidi, leo, kabla ya mazoezi ya Jumamosi.

SWALI: Fundi, video ya harusi yangu iliyopigwa kwa simu mpya inakatakata kwenye laptopu yangu ya mwaka 2011 yenye Ubuntu. VLC ninayo. Sauti iko mbele, picha inafuata kama mgonjwa. Bwana harusi, Kisasa.

JIBU: Hongera bwana harusi. Bonyeza Ctrl na J; nina hakika utakuta HEVC, ambayo ndiyo H.265 ya mwaka 2013. Laptopu yako imezaliwa kabla yake, haina sehemu ya kuifumua kwenye maunzi yake, kwa hiyo prosesa inabeba mzigo wote kichwani. Kodeki unayo tayari, kinachopungua ni nguvu. Hapa sasa kubadilisha kunaruhusiwa, mradi faili asili uitunze. Sakinisha ffmpeg, kisha:

ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a copy harusi.mp4

Andika jina halisi la faili yako mahali pa harusi.mov. Kwa mashine hiyo, video ya saa moja itakula masaa kadhaa. Iache usiku juu ya meza, isiwe kitandani kwenye blanketi, itapata joto izimike. Na simu, kama ni iPhone, kwenye mipangilio ya kamera chagua muundo unaokubalika na vifaa vingi badala ya ule wa kubana nafasi, ili ubatizo wa mtoto usikurudishe kwangu.